Kupima Kideri kwa Nuru

Kinoo,
9 Februari 2003

Kwako Mama Waringa,

Philister ameona bahasha hii mezani akaniuliza, "Mzee, kumbe mamako bado yuko hai?" Ikabidi nimweleze kwamba kwetu mtoto hurithi jina, na kwamba marehemu ndugu yangu Muchiri, baba yako, alipokupa jina la mama yetu mzazi, mimi nikapata mama mdogo wa kunituma dukani. Alicheka hadi akashika ukuta. Philister ni msichana wa Busia ambaye siku hizi anamsaidia mama yako kazi za nyumba pale mtaani Satellite. Ana heshima, na ana mdomo.

Natumaini baridi ya Leeds imekuachia vidole vya kushikia kalamu. Huku ni jua na vumbi. Nyaya za simu zimeibwa tena njia yote ya huku kwetu, na ile simu ya mkononi ya mama yako ilichukuliwa Westlands, kwa hiyo usihangaike kupiga. Tuandikiane. Barua haikatiki katikati ya neno. Mama yako anakusalimu.

Sasa tuje kwenye virusi vyako. Umeniandikia kwamba kideri chako, hicho kirusi cha ugonjwa wa kuku, kimepimwa kikatoka karibu maradufu ya ukubwa unaotarajiwa, na profesa wako anadhani virusi vimegandamana. Kabla hujakubali, rudi mwanzo kama nilivyowafundisha vijana wa maabara ya mifugo miaka ile yote.

Kirusi hukioni. Unachokiona ni nuru ya leza iliyokigonga ikatawanyika. Nuru hiyo haitulii, inametameta, kwa sababu maji yanavisukuma virusi huku na huku bila kukoma. Fikiria soko la Kawangware siku ya Jumamosi. Katika msongamano ule mtoto mdogo hurushwa upesi kila upande. Mtu mnene mwenye gunia la viazi husogea polepole. Metameta za haraka, chembe ni ndogo. Metameta za polepole, chembe ni kubwa. Mashine haipimi ukubwa, Mama. Inapima haraka ya kutetemeka, kisha inakisia ukubwa.

Na makisio yake yanategemea maji. Ulisema mmetia sukari ili chanjo ivumilie joto bila friji. Maji ya sukari ni mazito, na katika uzito huo hata mtoto mdogo husogea kama mnene. Je, mliiambia mashine kwamba ndani ya kichupa mna sukari, au mliiachia iamini ni maji matupu?

Wako mtiifu,
Dedan


Leeds,
2 Machi 2003

Baba Mkubwa,

Sasa? Umenimaliza kabisa. Ilikuwa sukari! Nilirekebisha uzito wa maji kwenye hesabu na virusi vikarudi vya kawaida, kama nanomita mia mbili hivi, na havijagandamana hata kidogo. Profesa aliuliza nimejuaje, nikamwambia nimeandikiwa na mwanangu wa Kinoo mwenye miaka sitini na tisa. Hakuelewa na sikumweleza.

Habari za hapa ni theluji, viazi, na mvua isiyo na adabu: hainyeshi ikaisha, inadondoka tu mchana kutwa. Nimepata ukimwi wa chai, yaani sina kinga tena, nakunywa hata ile yao isiyo na maziwa. Usinipigie kelele kwa mzaha huo, najua hupendi.

Mama anaendeleaje? Mbona ana msaidizi? Huyu ni mwanamke aliyemfukuza fundi wa bomba akatengeneza mwenyewe. Na hiyo simu, tangu lini mtu akamwibia Mama akatoka na meno yote? Mwambie aniandikie mwenyewe, hata mistari miwili. Mwambie pia aniimbie kidogo kwenye karatasi. Wanakwaya wenzake wanafanya nini Pasaka hii?

Naandika nikiwa nimesimama maabarani, tafadhali samehe mwandiko.

Mtoto wako na mama yako,
Waringa


Kinoo,
30 Machi 2003

Kwako Mama Waringa,

Tumeipokea barua yako kwa furaha. Nimekwenda nayo Satellite, nikamsomea mama yako, akatabasamu sana mahali pa fundi wa bomba. Anapumzika zaidi siku hizi, kama inavyompasa mtu aliyefundisha watoto wa chekechea miaka thelathini. Msaidizi ni wazo langu. Nyumba ni kubwa.

Mvua za masika zimeanza vizuri. Mungai wa kona amejenga ghorofa nyingine juu ya ile iliyokuwa na nyufa, na sisi sote tunapita upande wa pili wa barabara. Wiki jana tuliingia mjini na mama yako kwa shughuli ndogo. Alitupeleka Ogutu, yule mwenye teksi. Unakumbuka maneno yake? Tulipofika Westlands magari yamesimama, akamgeukia mama yako akasema, "Mama Waringa, leo huimbi? Ama gari yangu imekukosea? Shuka basi nikuitie nyingine yenye kinanda!" Tulicheka sana.

Nimefurahi kuhusu sukari. Lakini jihadhari na vumbi. Kwa chembe ndogo, kipenyo kikiongezeka mara mbili tu, nuru inayotawanywa huongezeka mara sitini na nne. Maana yake, uchafu kidogo usioonekana waweza kung'aa kuliko maelfu ya virusi, na mashine, maskini, itakuletea habari za uchafu ikidhani ni za virusi. Chuja maji yako. Funika vichupa. Mtu akichana nywele karibu, mtoe nje.

Utakuja lini likizo? Sema tu mwezi.

Wako,
Dedan


Leeds,
11 Mei 2003

Baba Mkubwa,

Nisamehe kuchelewa. Kazi ni nyingi.

Mimi ni mzima. Vipimo vinaendelea vizuri sana. Nimepima chanjo iliyokaa kwenye joto na ile iliyokaa kwenye baridi, na zote zinatoa nanomita mia mbili, asubuhi na jioni, wiki baada ya wiki. Hakuna kuruka. Profesa ameridhika mno. Likizo bado hatujapangiwa.

Sasa nikuulize. Mama hakuimba garini? Mama yangu, ambaye aliimba hata kwenye foleni ya kulipa stima mpaka karani akamwomba apunguze, amekaa kimya kutoka Satellite hadi mjini, nanyi mkacheka? Na salamu zake, Baba Mkubwa. Zamani ilikuwa, "Mama anakusalimu na anasema ukivaa sketi fupi kwenye baridi usimtafute." Sasa ni "anakusalimu", basi. Wewe ni mtu wa kueleza. Ukianza kueleza kijiko, tunafika kwenye mgodi wa chuma. Kwa Mama unaandika mstari mmoja.

Shughuli gani hiyo ndogo ya mjini?

Waringa


Kinoo,
8 Juni 2003

Kwako Mama Waringa,

Huku baridi ya Juni imeingia na nimetoa koti la baba yako sandukuni. Linanitosha mabegani, tumboni halinitoshi. Mama yako anakusalimu, na anasema uvae soksi.

Nimeisoma barua yako nikaiweka, nikaisoma tena. Niruhusu niulize kama mwalimu. Maji ya mashine yalikuwa na joto gani? Ulitumia kichujio cha aina gani? Nauliza kwa sababu virusi vya kideri havitengenezwi kwa kalibu moja kama matofali. Kimoja ni kidogo, mwenzake ni mkubwa mara tatu, mwingine ana umbo la kiazi kilichokanyagwa. Wastani wake lazima uyumbe kidogo kila ukipima, hata fundi awe hodari namna gani. Nimepima kideri hadi taa ya mashine yetu ilipokufa kabisa na serikali ikakosa nyingine, na sikuwahi kupata jibu lilelile asubuhi na jioni.

Majibu ya barua yako ya mwanzo wa mwaka yalikuwa mabaya, nikafurahi, maana yalitoka kwenye mashine. Haya ya sasa ni mazuri kupita kiasi.

Sikugombezi. Uko wapi, Mama?

Dedan


Leeds,
29 Juni 2003

Dedan,

Leo sikuiti Baba Mkubwa. Jina nililo nalo mlinipa ninyi, na tangu nikiwa na meno mawili umeniambia mbele ya watu kwamba nina haki ya kukutuma. Sijawahi kukutuma jambo la maana. Sasa nakutuma.

Mimi mama yako Waringa, nasema: kaa chini, uniandikie Virginia, mke wa Muchiri wetu, ana nini. Usiniambie soksi. Usiniambie mvua. Ukimaliza hilo nitakujibu la maji na vichujio, lakini wewe ndiwe utakayetangulia.

Waringa


Kinoo,
13 Julai 2003

Mama,

Nimetii.

Mama yako ana saratani ya umio, ile njia ya chakula. Ilianza Novemba kwa kukwamwa na ugali, akadhani ni haraka ya kula. Januari madaktari walituambia. Uvimbe umebana mshipa unaoendesha sauti, na tangu mwishoni mwa Januari hana sauti. Hiyo ndiyo simu iliyoibwa Westlands: iko kabatini, imezimwa. Nyaya za Kinoo ziliibwa kweli, lakini hata zingekuwepo, angekuambia nini? Sasa anameza uji mwepesi tu, na wamemwekea mpira mdogo ili upite. Shughuli za mjini ni hospitali. Dawa zilizobaki ni za maumivu.

Aliniapisha nisikuambie. Aliandika kwa chaki kwenye kibao cha watoto wake wa chekechea, "Amalize shule kwanza," akanishikisha mkono kwenye Biblia. Nimeshika kiapo hicho hadi uliponituma kwa jina la yule aliyenizaa. Sikujua mtu afanye nini kati ya amri mbili hizi, nikaenda kukaa kando ya kaburi la baba yako mpaka umande ukanilowesha, kisha nikarudi nikachukua kalamu.

Waringa, njoo. Daktari hasemi siku, lakini ameacha kutupangia tarehe ya kurudi. Kama ni nauli, tutaongea na jamaa wa Kinoo.

Ogutu ameweka simu yake mikononi mwetu. Namba ziko nyuma ya karatasi hii.

Dedan


Leeds,
27 Julai 2003

Baba Mkubwa,

Asante kwa kunitii. Sasa zamu yangu.

Mradi wa kideri ulifungwa mwezi wa tatu. Fedha za wafadhili ziliisha, profesa akahamia nchi nyingine, nami nikaambiwa nitafute msimamizi mpya ndipo nibaki mwanafunzi. Sikumpata. Majibu ya Mei niliyatunga chumbani kwangu kutoka kitabuni. Sikutaka mjue. Nilidhani nikiandika namba nzuri mtatulia, na wewe ukazikataa kwa sababu ni nzuri.

Nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Nawaosha, nawavalisha, nawalisha uji. Naam. Uji.

Nimeomba kibali kipya, na pasipoti yangu iko ofisi ya uhamiaji tangu Aprili. Nimewaandikia, nimekwenda, nimelia mbele ya mtu mwenye tai. Akasema naweza kurudishiwa nikiondoa ombi langu, na hiyo pia huchukua wiki kadhaa, na nikitoka sitarudi. Nimeondoa ombi. Nimetia sahihi jana. Sasa nangoja bahasha ya pasipoti kama wewe unavyongoja mvua.

Usimwambie Mama lolote kati ya haya. Alikuapisha ili nimalize shule. Mwache aamini namaliza. Mwambie nakuja likizo.

Waringa


Satellite,
17 Agosti 2003

Kwako Mama Waringa,

Sikuweza kutii amri hii ya pili. Nitakueleza ilivyokuwa.

Ulipopiga simu kwa Ogutu siku ya Jumapili, tulimshikia mama yako sikioni. Wewe ulilia, naye alikuwa akigonga simu kwa chaki, ko, ko, ko, ili ujue anasikia. Mlipomaliza aliandika, "Asipige tena. Aandike." Philister akasema, "Lakini Mama, simu ni ya haraka." Akafuta, akaandika, "Simu siwezi kuisikia mara ya pili."

Basi barua yako ilipofika nilikuwa nikiikunja ndani ya koti. Akaniona. Mtu aliyesoma nyuso za watoto waliokojoa wakakana, kwa miaka thelathini, humfichi karatasi. Akagonga kibao: "SOMA." Nikaanza na theluji, nikatia likizo, nikatia profesa. Akafumba macho akangoja nimalize uongo wangu. Kisha akagonga tena palepale. Nikasoma yote.

Hakulia. Alifuta kibao. Kisha akaandika, "Anaosha nani?"

Nikamwambia sijui, labda bibi kizee fulani wa Kizungu.

Akaandika polepole, akifuta na kuandika, maana kibao ni kidogo: "Maji yawe vuguvugu. Aanze na miguu. Akianza na uso mtu hushtuka."

Philister alikuwa nyuma yangu na beseni. "Haki ya Mungu!" akasema. "Kumbe ndiyo maana unanipiga mateke kila asubuhi? Si ungeandika, Mama!" Ogutu mlangoni akasema, "Umefundishwa na mwalimu, lipa karo." Mama yako alicheka. Kicheko chake sasa hakina sauti, ni mabega tu, lakini kilikuwa chenyewe. Philister akaweka beseni chini na kuanza na miguu. Baadaye nilimkuta jikoni akijifuta macho kwa kanga, akaniambia mama yake Busia naye ni mgonjwa wa miguu, na anayemwosha ni mke wa jirani.

Hakukasirika kuhusu shule. Usije ukabeba hilo. Fanya haraka tu.

Dedan


Leeds,
31 Agosti 2003

Baba Mkubwa, umsomee Mama hii polepole, usiruke kitu.

Mama,

Anaitwa Bi Rachael. Alikuwa mpiga kinanda kanisani na sasa vidole vyake vimekunjamana kama mizizi ya tangawizi. Kila asubuhi alikuwa akinitukana nikimwosha. Jumanne nilijaza maji vuguvugu nikaanza na miguu, kidole kwa kidole. Alinyamaza. Nilipofika magotini akaanza kuvuma wimbo puani, nami nikamwitikia sauti ya pili, ile uliyonifundisha mimi nikiwa nimesimama juu ya kiti ili nifikie sinki. Wazee wengine wakafungua milango.

Bahasha haijafika. Nashuka kuitazama kila posta ikipita. Mama, naogopa kwamba sitafika. Nakuambia wewe kwa sababu nikiogopa nilikuwa nakuambia wewe.

Nimeosha miguu ya watu wengi mwaka huu. Nilitaka kuosha yako.

Mtoto wako,
Waringa


Kinoo,
21 Septemba 2003

Kwako Mama Waringa,

Habari yenyewe uliipata kwa simu ya Ogutu. Hii ni ya kukueleza yale ambayo simu haikuyaweza.

Barua yako ilimkuta. Ilifika Jumatano, naye akatuacha Ijumaa. Nilimsomea nikiwa nimekaa kitandani karibu na miguu yake. Nilipofika pale unaposema unaogopa hutafika, macho yangu yakaniangusha, nikaruka mstari. Hakuwa na nguvu za chaki. Akanisukuma kwa wayo. Nikarudi nikausoma mstari wenyewe, na ule wa mwisho pia. Aliniashiria nisome tena, na tena. Mara ya tatu Philister aliichukua akaisoma yeye, maana sauti yangu ilikuwa imekwisha kama ya mwenyewe.

Ijumaa asubuhi Philister alimwosha, akaanza na miguu. Mama yako aliondoka kabla hajafikiwa uso, kimya, bila kuhangaika. Mimi nilikuwa dirishani nikisubiri gari la Ogutu.

Tulimzika Kinoo kando ya Muchiri. Kwaya ilikuja yote. Waliacha mahali pake wazi katika safu ya sauti ya pili, na wimbo ukawa na shimo kubwa ambalo kila mtu alilisikia. Nilimwambia mchungaji asome barua yako pale kaburini, isipokuwa mstari mmoja ambao niliona si wa watu.

Philister amekwenda Busia kwa mama yake. Nilimsindikiza hadi kwenye basi. Aliniambia, "Mzee, salimia mamako."

Umeniambia kwenye simu kwamba bahasha ilifika siku tuliyomzika, na kwamba sasa huoni sababu ya kupanda ndege, kwa kuwa umechelewa. Nimefikiri jinsi ya kukujibu. Nimezoea kueleza, na hapa sina maelezo. Kwa Virginia umechelewa, ni kweli, na sitakudanganya kwa lugha tamu. Lakini mimi ninakaribia sabini. Nyumba ya Satellite imefungwa na funguo ziko mfukoni mwangu. Jioni napika chai ya watu wawili kwa mazoea ya kwenda kule, kisha naimwaga.

Kaburi halina haraka, mwanangu. Mwenye haraka ni mimi. Njoo.

Baba yako,
Dedan